Nani Anailipia Simu ya Bure?

Simu inaita mara moja, inakatika. Mwenye simu anatazama kioo, anaguna, anaangalia salio lake kwanza. Amebipiwa. Hakuna neno lililosemwa, lakini ujumbe umefika: nipigie wewe, mimi sina kitu. Jonathan Donner, mtafiti aliyewahoji watumiaji wa simu nchini Rwanda na kuchapisha alichokiona mwaka 2007, alikuta mchezo huu una kanuni ambazo kila mtu anazijua ingawa hazijaandikwa popote. Kubwa kuliko zote ni kwamba mwenye nacho ndiye anayepiga. Anayemtongoza msichana habipu; akibipu amejiaibisha. Anayekwenda kuomba msaada mzito naye habipu, anajikamua vocha.

Kampuni za Marekani zilifikia kanuni hiyohiyo miaka 40 kabla ya utafiti wa Donner, zikaiandikia mkataba na kuipa tarakimu tatu: 800. Namba ya simu ya bure, ukiitazama vizuri, ni bipu iliyosajiliwa. Mteja anaita, kampuni inalipa. Bili haijafutika, imebadili mfuko tu, na karibu kila badiliko lililozipata namba hizi tangu zizaliwe limetokana na mvutano juu ya mfuko huo: ni wa nani, na mwenye nao anapata nini kwa pesa yake.

Kabla ya 800, simu ya masafa marefu Marekani ilikuwa jambo la kupangia. Asiyetaka kulipa alimwomba opareta ampigie mtu wa upande wa pili na kumuuliza kama atakubali kubeba gharama. Kwa mama na mwanawe aliye mbali, utaratibu huo ulitosha. Kwa hoteli inayopokea mamia ya wateja wanaotaka vyumba, kuulizwa “mtalipa?” kila baada ya dakika moja ilikuwa kero. Ndipo zikaja namba zilizoitwa Zenith: kampuni ilikubali kulipa mapema, mara moja kwa simu zote, na opareta akawa na orodha. Mpigaji aliomba kwa mfano Zenith 1-2000, namba ambayo madereva wa California waliijua kuwa ya polisi wa barabara kuu, na opareta akatafuta kwenye orodha yake namba halisi iliyojificha nyuma ya jina hilo. Herufi Z haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Kwenye diski za simu nyingi za wakati ule haikuwepo kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuizungusha mwenyewe. Ilikuwa lazima apite kwa opareta. Waingereza nao walikuwa na Freefone yao, ambapo mtu alipiga 100 na kulitaja jina la huduma anayoitaka.

Opareta, hata hivyo, anakula mshahara. Kadiri simu zilivyoongezeka ndivyo watu wa swichibodi walivyogeuka kuwa mzigo, na mwaka 1967 shirika la AT&T likaanzisha huduma iliyomwezesha mpigaji kuzungusha 800 mwenyewe na kuunganishwa na mtambo. Wanunuzi wa mwanzo walikuwa wale uliowatarajia: mahoteli, wakodishaji wa magari, mashirika ya ndege. Biashara zinazouza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukishika zilihitaji mno kumsikia akiuliza.

Mtambo wa mwaka 1967 lakini haukuwa na akili nyingi. Namba ya 800 ilibeba anwani ndani ya tarakimu zake: 800-228 ilikuwa ya jimbo la Nebraska, 800-325 ya Missouri, na kadhalika, kwa sababu swichi ilipaswa kujua pa kuipeleka simu kwa kuitazama namba yenyewe. Kampuni ilinunua laini maalumu kwa kanda, kanda ya karibu kwa bei nafuu na za mbali kwa bei kubwa zaidi. Simu za ndani ya jimbo zilikuwa na leseni na bei zake tofauti. Ndiyo maana matangazo ya televisheni ya miaka ile yalimalizika kwa kiroja: namba moja kwa Marekani nzima, halafu nyingine kwa wakazi wa Nebraska. Mtu aliyekaa mtaa wa pili kutoka kituo cha kupokea simu ndiye ambaye namba ya taifa zima haikumfikisha.

Na kwa nini Nebraska? Jiji la Omaha liligeuka makao makuu ya vituo vya kupokea simu kwa mchanganyiko wa sababu ambao hakuna mpangaji yeyote angeubuni. Liko katikati ya nchi, kwa hiyo pwani zote mbili zilikuwa karibu sawa. Lafudhi ya watu wake haikumkera msikilizaji wa kusini wala wa kaskazini. Na jirani yake, katika kambi ya Offutt, yalikuwepo makao ya kikosi cha jeshi la anga kilichoshika mabomu ya nyuklia ya Marekani, kikosi kilichohitaji mawasiliano ya simu ya uhakika kuliko taasisi yoyote. Nyaya zilizowekwa kwa ajili ya vita vya maangamizi zikaishia kuhudumia watu wanaotaka kitanda cha watu wawili chenye mwonekano wa bahari.

Wa kwanza kuugundua udhaifu wa mpango huu hawakuwa washindani wa AT&T bali wahuni. Mitambo ya masafa marefu ilizungumza kwa milio iliyopita kwenye waya uleule unaobeba sauti za watu, na mlio wa hezi 2600 ulimaanisha kwamba laini imeachwa wazi. Mjanja alipiga namba ya 800, akapuliza mlio huo, na upande wa mbali ukaamini kwamba amekata. Swichi ya mtaani kwake, inayohesabu gharama, iliendelea kuamini kwamba bado yuko kwenye simu ya bure. Kuanzia hapo aliweza kutuma milio mingine na kupiga popote duniani bila senti. John Draper alipata jina lake la utani, Captain Crunch, kutokana na filimbi ya plastiki iliyotolewa kama zawadi ndani ya maboksi ya nafaka za watoto, filimbi iliyotoa mlio wa hezi 2600. Jarida la Esquire lilipowaanika watu hawa mwezi Oktoba 1971, mchezo wa wachache ukawa wa wengi.

Dawa ya wizi huo ndiyo iliyozaa namba ya bure tunayoijua leo. Kuanzia mwaka 1976 AT&T ilianza kuhamishia maagizo ya mitambo kwenye njia ya pembeni, mbali na sauti, ambako filimbi haifiki. Lakini njia ya pembeni inaweza kubeba zaidi ya maagizo ya kufungua na kufunga. Inaweza kubeba swali. Roy Weber, mhandisi wa Bell Labs, alipata hataza mwaka 1980 kwa wazo linalosikika jepesi sana likishaelezwa: swichi ikipokea namba ya 800, isijaribu kuipeleka popote. Isimamishe simu kwa sehemu ya sekunde, iiulize kanzidata “hii ni ya nani, na sasa hivi anaitaka iende wapi?”, kisha ifuate jibu.

Kwa maneno mengine, mashine ilifundishwa kazi ya yule opareta wa Zenith mwenye orodha yake. Tofauti ni kwamba orodha hii ilikuwa moja kwa nchi nzima na iliweza kubadilika kwa saa. Mapema miaka ya 1980 kampuni ikaweza kuwa na namba moja ambayo asubuhi inaita New York, jioni inaita California, na kituo kimoja kikielemewa inakwenda kingine. Kile kiroja cha namba mbili kikafa. Namba iliacha kuwa mahali, ikawa jina.

Jina nalo lina mwenyewe, na hapo ugomvi ukaanza. AT&T ilivunjwa na mahakama mwaka 1984, na miaka miwili baadaye kampuni kama MCI zikaanza kuuza namba zao za 800. Lakini tarakimu za mwanzo ndizo zilizoonyesha mtoa huduma, kwa hiyo mteja aliyetaka kuhamia kwa mshindani mwenye bei nzuri ilimbidi aiache namba aliyokwisha kuitangaza kwenye malori, kalenda na redio kwa miaka kumi. Wachache walithubutu. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ililazimisha mlango ufunguliwe, na tarehe 1 Mei 1993 namba za 800 zikawa mali ya kuhama nayo: mteja anabadili kampuni, namba inabaki. Uhamaji wa namba za mkononi, ambao wateja wa Kenya na Tanzania waliupata miaka mingi baadaye, umesimama juu ya hila ileile ya kuuliza kanzidata kabla ya kuunganisha.

Kwenye vitufe vingi vya simu ya Marekani kuna herufi, na herufi zikageuza namba kuwa mabango. Jim McCann alijenga biashara nzima ya maua juu ya namba inayosomeka 1-800-FLOWERS. Lakini bango la vitufe linahitaji watu wanaojua kuandika, na AT&T ilijifunza hilo kwa uchungu. Ilitangaza 1-800-OPERATOR kwa gharama kubwa. Wamarekani wengi waliandika neno hilo kwa E mahali pa O ya mwisho, na MCI, iliyoujua udhaifu wa watu wake katika imla, ilikuwa imeshaichukua namba ya wale waliokosea. Tangazo la mmoja likamletea wateja mwingine. AT&T ilikuja kuhamia jina lisilo na mtego.

Mtego wa pili ulifika mahakamani. Hoteli za Holiday Inn zilitangaza 1-800-HOLIDAY. Herufi O iko kwenye kitufe cha 6, lakini vidole vya wengi hukimbilia sifuri. Kampuni ndogo ya kuweka nafasi za hoteli ikachukua namba yenye sifuri na kupokea simu za waliopotea. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa iliamua kwamba haina kosa: haikuutangaza uongo wowote, ilisimama tu pale ambapo watu huanguka. Uamuzi wenye mantiki ya kisheria. Mwenye hoteli bila shaka aliuita kwa jina jingine.

Wakati huo namba zenyewe zilikuwa zinakwisha. Msimbo mmoja unatoa namba zisizozidi milioni 8, na zilidhaniwa kutosha vizazi na vizazi. Kisha zikaja peja, kila moja na namba yake ya bure, na wazazi wakaanza kununua namba binafsi ili watoto walioko vyuoni wasiwe na kisingizio cha kutopiga nyumbani. Mwaka 1995 FCC ikaanza kugawa kwa mgao. Tarehe 1 Machi 1996 ikafunguliwa 888, halafu 877 mwaka 1998, 866 mwaka 2000, 855 mwaka 2010, 844 mwaka 2013 na 833 mwaka 2017. Kila msimbo mpya uliwapa wateja kazi ya kujifunza upya kwamba hii nayo haina gharama. Kuzikusanya namba nzuri na kuziuza kwa ulanguzi kulipigwa marufuku mwaka 1997. Miaka 22 baadaye, Desemba 2019, tume hiyohiyo ilipiga mnada maelfu ya namba za 833 zilizogombewa na zaidi ya mtu mmoja. Ulanguzi, inaelekea, ni neno la mnada ambao serikali haimo.

Wapo waliolipia ubure huu bila kuulizwa. Mwenye kibanda cha simu aliona watu wakisimama mbele ya mashine yake nusu saa nzima, wakizungumza na benki zao kupitia 800, bila kudondosha sarafu. Sheria ya mwaka 1996 ndiyo iliyomtambua, na mwaka 1999 kiwango kikawekwa: senti 24 kwa kila simu, alipwe na upande unaoubeba mzigo. Mwaka 2004 kikapanda hadi senti 49.4. Kufikia hapo vibanda vyenyewe vilikuwa vinang’olewa mitaani.

Wengine waligeuza mlango huu kuwa kisima. Kampuni ya simu anakoanzia mpigaji hulipwa ada kidogo na upande wa mwenye namba ya bure. Ada ndogo mara simu milioni si ndogo. Wakatokea wajanja wenye mashine za kupigia mahoteli na mabenki usiku kucha, zikibonyeza vitufe ili mtambo wa kujibu uendelee kuongea, huku kila dakika ikidondosha senti kwa waliokula njama. FCC ililazimika Oktoba 2020 kuanza kuzikata ada hizo hatua kwa hatua. Nusu karne baada ya filimbi ya Draper, aliyeibiwa sasa ni yule aliyejitolea kulipa.

Anayelipa hupata kitu kingine ambacho mpigaji hakifikirii: haki ya kujua nani kampigia. Mfumo wa bili humpa mwenye namba ya 800 namba ya kila aliyeita, hata kama mpigaji ameificha. Kampuni za mauzo ya simu ziliona dhahabu hapo. Lakini kuna upande ambao bili hulinda. Uingereza ilipoanza namba za 0800 mwaka 1985, simu hizo hazikuorodheshwa kwenye bili ya nyumbani. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Oktoba 1986, mtangazaji wa BBC Esther Rantzen alizindua ChildLine kwa namba 0800 1111. Mtoto anayeteswa na mtu wa nyumbani mwake aliweza kupiga bila sarafu, na mwisho wa mwezi karatasi ya bili haikumsaliti. Kifaa kilichobuniwa ili kuuza vyumba vya hoteli kilikuwa kimepata kazi ambayo hakuna kampuni iliyoifikiria.

Kisha simu ya mkononi ikavuruga hesabu. Kwa miaka mingi Mwingereza aliyepiga 0800 kwa simu ya mkononi alikatwa pesa kama kawaida, na maskini asiye na simu ya mezani ndiye aliyekuwa akilipia kuzungumza na ofisi za msaada wa serikali. Hali hiyo ilikoma tarehe 1 Julai 2015, kwa amri ya msimamizi wa mawasiliano. Marekani mambo yalikwenda kinyume: vifurushi visivyo na kikomo viliifanya kila simu ya ndani ya nchi iwe ya bure, na 800 ikabaki kama tai shingoni mwa kampuni, alama ya heshima kuliko msaada wa kweli. Huduma nyeti zikageukia ufupi. Namba ya kuzuia kujiua, ambayo rapa Logic aliifanya jina la wimbo wake mwaka 2017, ilikuwa na tarakimu 11 ukihesabu ile 1 ya mbele. Tangu Julai 2022 ni 988.

Afrika Mashariki haikuyapitia haya kwa mpangilio huo. Simu za mezani zilikuwa chache mno kwa 0800 kuota mizizi mirefu, na simu ya mkononi ilipofika ilikuja na vocha. Watu wakabuni wenyewe namba za bure kwa kubipu, au kwa kuflash kama wasemavyo Wakenya, na mitandao iliyochoshwa na simu zisizopokewa wala kulipiwa ikaona heri irasimishe desturi hiyo: zikaja jumbe za bure za “tafadhali nipigie”, na baadaye Safaricom ikamruhusu mteja aweke alama ya # mbele ya namba ili bili iende kwa anayepigiwa. Yule opareta wa zamani wa kuuliza “utalipa?” amerudi, safari hii akiwa sauti iliyorekodiwa.

Kwenye ardhi hiyo namba ya bure ilikuja kuwa fupi na ya umma tangu mwanzo. Tanzania, Kenya na Uganda zote zina 116 kwa ajili ya watoto; ya Uganda imepewa jina la Kiswahili, Sauti. Kenya ina 1195 kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia. TAKUKURU ya Tanzania inapokea taarifa za rushwa kwa 113. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, Wakenya walielekezwa 719 na Watanzania 199. Kuziendesha si rahisi kama kuzitangaza. Zinahitaji kila mtandao ukubali, kwani namba iliyo bure kwenye laini moja na kugoma kwenye nyingine huonekana mbovu tu kwa mwenye shida. Na ubure wenyewe huwaita wasio na shida: watoto wanaocheza na simu ya mzazi, vijana wanaotafuta sauti ya kike ya kutaniana nayo usiku. Bei, kwa ubaya wake wote, ilikuwa bawabu.

Wazo hilohilo lilijaribiwa kwenye intaneti. Facebook ilipoleta huduma yake ya kurasa za bure Tanzania kupitia Tigo na Kenya kupitia Airtel mwishoni mwa mwaka 2014, ilikuwa 800 ya data: mtumiaji hakatwi, mwingine anagharimia. Ila mwenye 800 hulipia simu zinazokuja kwake tu, wakati mwenye huduma ile alikuwa anapanga ni kurasa zipi za dunia zihesabike kuwa za bure. India iliona tofauti hiyo na mwezi Februari 2016 ikapiga marufuku bei za namna hiyo.

Bipu iliyosajiliwa inafanya kazi yake bora zaidi pengine kwenye namba 115 ya Tanzania, ya mpango wa m-mama ulioanzia Kanda ya Ziwa na kutangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022. Uchungu umemkaba mjamzito kijijini, kuna damu, gari la wagonjwa liko mbali. Mhudumu wa zahanati au ndugu anapiga 115 kwa simu isiyo na salio. Anayepokea anauliza dalili, anaamua mgonjwa apelekwe kituo gani, na kama hakuna gari la wagonjwa karibu anampigia dereva wa kijijini aliyejiandikisha mapema, mwenye teksi au gari lake la kawaida. Dereva hamdai mgonjwa nauli njiani. Akishamfikisha hospitali na safari ikathibitishwa, malipo yake yanaingia kwenye M-Pesa, kwenye simu ileile aliyoitiwa.